Siku Niliyochelewesha Ndege

Ulikuwa mwaka ule ambao sisi watu wa mahindi tulikula mchele wa dukani na viazi, kwa sababu mvua ilikataa na ghala zikabaki na panya tu. Mwaka huo mjukuu wangu aliniletea tiketi ya ndege ya kwenda Nairobi, ili nikaishi naye moja kwa moja. Ni mimi nilimlea, tangu binti yangu aliyemzaa alipofariki. Sasa ni rubani msaidizi wa ndege za propela. Wa kuona wivu na aone.

Lakini rubani hakai. Ndege yake ilikuwa inatua Eldoret, inashusha watu, inapakia wengine, inarudi. Kutoka uwanja wa ndege hadi kwangu si mbali, ng'ombe anafika akitangatanga, na yeye hakupata nafasi hata ya kuonja chai. Mimi nikisikia ile sauti juu ya mabati nilikuwa naacha kila kitu, natoka nje na povu la sabuni mikononi, naangalia juu. Ikishapita narudi ndani, na nyumba inaonekana kubwa kuliko ilivyokuwa. Kwa hivyo tiketi ilipokuja niligawia majirani kuku wangu, nikafunga begi.

Siku yenyewe niliketi pale pa kungojea, karibu na kioo, begi limeshaingizwa ndegeni. Nikamwona mtoto wangu akiizunguka ndege kwa miguu. Anashika mapanga ya propela, anayazungusha kidogo kwa mkono, anainamia magurudumu, anapapasa tumbo la ndege kwa kiganja. Nikacheka peke yangu. Ndivyo nilivyomfundisha kuangalia ng'ombe kabla ya kukamua: mzunguke kwanza, shika kiwele usikie kama kina joto, ndipo ukae na ndoo yako.

Akafika chini ya injini ya kushoto, akapitisha kidole, akakitazama. Akamwita fundi. Tukatangaziwa kwamba kuna mafuta yanavuja, tungoje.

Bwana mmoja aliyevaa tai akaanza kulalamika kwamba tunacheleweshwa na msichana mwenye kidole.

"Huyo msichana ni wangu," nikamwambia. "Kama una haraka, kimbia. Hapa kwetu watu wanakimbia."

Watu wakacheka, naye akajificha kwenye simu yake.

Fundi alipokuwa akitengeneza, mjukuu alikuja akaketi kando yangu, ananuka mafuta. Akanisimulia chumba alichonipangia, kitanda, pazia, televisheni. Nikamuuliza yeye atakuwa huko siku gani. Akasema inategemea, siku nyingine analala Kisumu, nyingine Mombasa. Nikamuuliza kama ndege zinapita juu ya hiyo nyumba.

"Nyingi, Kogo. Mchana kutwa." Kogo ndiyo bibi, kwa lugha yetu.

"Na yako nitaijuaje?"

Fundi akamwita, akaenda.

Injini ikapona. Abiria wakaambiwa wapande, wakapanga mstari. Mimi nikabaki kwenye kiti. Msichana wa tiketi akanieleza kwa upole kwamba ndege haibebi mzigo wa mtu asiyepanda, kwa hivyo nisiposimama itabidi begi langu litafutwe lishushwe, na wote wachelewe tena. Nikamwambia walishushe.

Mjukuu akarudi mbio, akachuchumaa mbele yangu na ile sare yake.

"Kogo, twende. Nakuomba. Mimi pia nakukosa."

"Siendi. Hapa nikisikia ndege, najua ni wewe."

Yule bwana wa tai akasema kwa sauti kwamba mjukuu hakutosha kutuchelewesha, sasa ni zamu ya bibi. Sikumjibu. Mjukuu alikuwa amenishika mikono yote miwili, anaisugua kama alivyokuwa akifanya asubuhi za baridi akiwa mdogo, na machozi yanamtoka bila aibu. Mwili wangu wote ulitaka kusimama uende naye. Nje, begi langu lilikuwa linateremshwa. Akaniomba tena twende, polepole, kana kwamba bado sijasema neno.

"Siendi. Hapa nikisikia ndege, najua ni wewe."