Severin na nyumba isiyo na pa kulala

Jua la Novemba 2016 limeshapanda juu ya mchanga wa Lahbab, nje kidogo ya jiji la Dubai, na Severin Tarimo anatembea kwa miguu akiburuta kamba. Gari amelizima kando ya barabara. Madereva wanaopita wanapunguza mwendo kumshangaa. Yeye hawaangalii.

Kamba hiyo ni ndefu sawasawa na gari-nyumba la tajiri wake pamoja na tela lililofungwa nyuma, lenye jenereta na tangi la maji. Mita kumi na nane. Ikiburutwa kwenye kona, hukata ndani kama tela linavyokata. Isipogusa kitu, gari litapita. Ikigusa, Severin anasonya na kwenda kutafuta kwingine.

"Watu wanadhani naendesha nyumba," anasema. "Wapi! Nyumba ndiyo inaniendesha mimi."

Tangu joto lipungue ameshafukuzwa mahali patatu. Ufukweni alikaa wiki moja, mlinzi akaja na amri kutoka juu. Kwenye uwanja wa magari Al Quoz mwenye uwanja alimkubalia mpaka Aprili, kisha akabadili neno. Jangwani familia zilizokuja kupiga kambi ya majira ya baridi zilizungushia kambi zao uzio wa nguo pande zote, tela likabaki halina pa kutokea.

"Wakubwa hawagombani na mkubwa mwenzao," anasema. "Wanamfukuza dereva."

Severin, mzaliwa wa Rombo, Kilimanjaro, aliacha shule darasa la nne. Dubai ana mwaka wa tisa. Analala humo humo garini, kitanda cha nyuma ya usukani, kwa sababu gari lisilo na kwao haliachwi peke yake. Ndiyo maana mwaka 2014, mkewe Aikande alipofariki, hakwenda kuzika. Tajiri alikuwa safarini Ulaya na gari lilikuwa ufukweni.

"Aliniambia kwa simu, 'Severin, pole sana, lakini nani atalinda?' Basi. Mke wangu akafukiwa, mimi nalinda choo cha plastiki."

Mwaka huu tajiri huyo, Bwana Musab, amempa neno. Atafute mahali penye ukuta na mlinzi, gari likae mpaka msimu uishe, naye atapewa likizo ya mwezi mzima. Asipopapata, abaki nalo.

Hilo ndilo lililomleta Lahbab, kwenye shamba analolinda Nasifu, Mwislamu kutoka Uganda. Walijuana kwenye foleni ya gereji. Nasifu ndiye aliyempigia: "Kaka, huku kuna nafasi. Njoo umwone mwenyewe."

Mwenyewe ni Bi Badriya, mama wa makamo ya juu, amevaa baibui, ameketi kwenye kiti barazani na fimbo mapajani. Severin anamsalimia kwa Kiarabu chake cha kazini, mkono kifuani. Anaeleza gari, tela, maji, Aprili. Mama anamtazama tu.

Severin anamgeukia Nasifu huku bado anatabasamu, anamwambia kwa Kiswahili. "Huyu naye atakataa. Wenye nchi wote wamoja, roho zao zina kufuli. Hata kivuli cha mti wanakuonea choyo. Mwangalie alivyokaza uso kama ukuta wa benki."

Nasifu anakohoa. Anakohoa tena.

"Na wewe kanywe dawa," Severin anamwambia.

Bi Badriya anamimina kahawa kwenye kikombe kidogo, anamnyooshea. "Hii imetiwa hiliki, mwanangu. Haikutiwa kufuli. Kunywa."

Ni Kiswahili cha Unguja, kimenyooka. Alizaliwa huko huko Unguja, mtaa wa Ng'ambo, akaletwa Dubai akiwa msichana, na nyumbani kwao hawajakiacha.

Severin anabaki na kikombe hewani. Halafu anakiweka chini, anapiga goti. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Sasa ndo unanijua?"

"Kwetu mtu akikosea hivi, analeta jani la sale mkononi ndipo aombe msamaha. Hapa sina sale, bibi. Nina mdomo tu, na ndio ulioniponza."

"Mdomo unao kweli!" Anacheka mpaka fimbo inaanguka. "Nnakwambia, hata marehemu bwana'angu hajanitukana vizuri hivyo. Hebu nambie, una hasira na nani?"

Anamwambia. Tajiri, ufuko, simu, Aikande. Hapambi. Bi Badriya haongezi kahawa, anasikiliza.

"Lete gari," anasema mwisho. "Likae mpaka Aprili, Nasifu atalitazama. Ila langoni pana mkunazi alioupanda marehemu. Ukiugusa, khalas, utageuza urudi ulikotoka."

Hapo ndipo kamba ilipoingia kazini. Safari ya kwanza imegusa shina. Ya pili imegusa. Severin anahamisha mawe ya ukingo, anaanzia mbali zaidi mchangani, anaburuta tena. Kamba inapita, imeacha upana wa kiganja.

Anapanda. Gari linaingia taratibu kama ng'ombe mwenye mimba. Tela linafuata, linakaribia mti, na tawi moja la chini linaelekea kwenye bati. Bi Badriya ameshainuka. Analivuta tawi kwa fimbo yake, miiba na yote.

"Usinitazame mie! Tazama kioo! Yalla, pita!"

Amepita. Mti haukupoteza jani.

Bwana Musab anapokea simu na kusema likizo ni Januari, inshallah. Severin anakata, anatema mate mchangani. "Mpaka niishike tiketi. Maneno ya wakubwa nimeyala miaka tisa, hayashibishi." Lakini tayari anaikunja kamba, na haitundiki garini. Anaiweka kwenye begi lake.

Kaburi la Aikande hajaliona. Ndugu wanasema liko migombani, nyuma ya nyumba, na wanataka kumpeleka. Amekataa. Ataingia peke yake na miche ya masale ya kupanda.

"Sitamuuliza mtu," anasema. "Nitazunguka mpaka nipaone. Kutafuta mahali ndiyo kazi yangu."