Bomba Lililotuma Ujumbe Nairobi

Miaka tisa Jeanine alikuwa akipanga foleni ya maji Kakuma, tangu alipoingia kambi hiyo ya wakimbizi akitokea Burundi. Alikuwa fundi simu, na asubuhi zake nyingi ziliishia bombani huku wateja wakimsubiri kibandani. Hakuna aliyejua maji yangefunguliwa saa ngapi hasa.

Basi akachukua boya la tangi bovu, akaliunga kwa nyaya na kibao kidogo cha elektroniki kinachoingia laini ya simu. Maji yakiingia tangini boya hupanda, na kila mama aliyeandikisha namba yake hupata ujumbe.

Kusimulia ni rahisi. Kibao hicho alikisubiri wiki tano kitoke Nairobi. Alipokiunguza kwa bahati mbaya, akasubiri tena tano. Masomo ya video aliyoyafuata mtandaoni yalikwama kila baada ya sentensi mbili. Wenzake wa Nairobi, katika kundi lao la mafundi, waliagiza kifaa asubuhi na mchana wakawa wanakijaribu.

"Akili hawanizidi," alimwambia jirani yake Ayak, mama wa Sudan Kusini. "Wana mtandao na maduka, basi."

Kisha akachaguliwa kuingia fainali ya shindano la wabunifu Nairobi. Kibali cha kutoka kambini kufika huko kilichelewa. Alichopata ni cha siku tatu, cha mji wa karibu wa Lodwar tu. Alilia kidogo, akaoga, akaenda Lodwar.

Huko alipokewa na Atabo, Mturkana anayesimamia kituo cha kompyuta. Walikuwa wameandikiana tu, hawajawahi kuonana.

"Ejok, hujambo dada. Nimeongea na majaji, wamekubali kukusikiliza ukiwa hapa hapa," alisema Atabo. "Niliwaambia wasimnyime mtu nafasi kwa sababu ya anakoishi."

Jeanine alimshika mkono.

Asubuhi ya fainali, dakika ya tatu ya maelezo yake kwa video, picha ikaganda.

"Dada, hatukuoni," alisema mwenyekiti wa majaji. "Sauti nayo inakatika."

Atabo akampigia mwenyekiti kwa simu ya kawaida, akaomba namba za majaji wote watatu. Jeanine akaziingiza kwenye orodha ya akina mama wa bombani. Siku hiyo maji yalitarajiwa kama saa nne.

Saa nne ikapita. "Bado, Jeanine," Ayak akasema kwenye simu nyingine, kutoka bombani. "Hata tone."

Saa nne na dakika kumi na tano, mwenyekiti, bado kwenye simu ya Atabo, akaanza kumshukuru Jeanine kwa upole, kama mtu anayeaga. Kabla hajamaliza, simu tatu zikalia pamoja mezani kwa majaji, na mmoja wao akasoma kwa sauti: "Maji yamefika. Leteni madumu." Wakati huo huo Ayak alikuwa akipiga vigelegele Kakuma, nyuma yake madumu yakigongana. Majaji wakacheka, kisha wakapiga makofi.

Hakushinda. Alikuwa wa pili, na mwenyewe anakiri kuwa waliomshinda walistahili. Ila mwenyekiti alimuuliza anahitaji nini ili aendelee.

"Vipuri vikae Lodwar, nisivisubiri mwezi," Jeanine akajibu. "Na wengine wa huku wasikilizwe kama mlivyonisikiliza mimi."

Ilichukua miezi minane, na barua nyingi za Atabo, lakini kabati la vipuri lipo kituoni sasa, na mwaka huu washindani wanne walisikilizwa kutoka Lodwar, mmoja wao mvuvi wa Kerio. Tofauti na Nairobi bado ni kubwa, Jeanine halifichi hilo. Lakini mabomba saba ya Kakuma yanatuma ujumbe, na Ayak anauza mandazi saa zile alizokuwa akisimama juani.

Jumapili moja Atabo alikuja Kakuma kuwatembelea Jeanine na Ayak. Kanisani, Jeanine alipoitwa kutoa shukrani, aliwataja Mungu, Ayak na Atabo. Akina mama wakamwimbia mpaka akaketi.