Kafyu Haimhusu Mbwa

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, siku ya Alhamisi, Dekow Nunow amesimama nyuma ya mlango wa nyumba ya serikali mjini Garissa. Vidole vyake vya miguu vinagusa kizingiti na si zaidi ya hapo. Mkononi ameshika kamba ndefu. Kamba hiyo inapenya mlangoni, inavuka baraza, inashuka ngazi tatu na kuishia shingoni mwa mtoto wa mbwa aliyeketi mchangani akitazama mawingu.

"Haya, fanya," Dekow anamnong'oneza. "Fanya, baba. Watu wote wanafanya."

Mbwa anapiga mwayo.

Dekow hawezi kutoka. Kafyu inaisha saa kumi na mbili kamili, na tangu vita hivi vya waasi na serikali vianze, anayeonekana nje kabla ya saa hiyo hujieleza mbele ya bunduki. Mbwa naye hawezi kungoja. Kila siku kibofu chake hujaa robo saa kabla ya ruhusa ya serikali.

Kesho mchana, magari yanayosindikizwa na askari yatamleta Mama Wakesho, mke wa mwenye nyumba, aliyekuwa kwao Taita. Sebuleni kuna zulia lake jekundu, zawadi ya mama yake siku ya harusi. Mumewe, Bwana Mwakio, ni afisa wa maji. Wiki mbili zilizopita alipoondoka kwenda kukagua visima vya Ijara, alimwachia Dekow funguo, mbwa na onyo.

"Mama akikuta tone moja kwenye zulia hili, mmoja wenu atahama," alisema. "Na mbwa nimemnunua kwa bei kali."

Dekow ana miaka arobaini na saba. Alizaliwa upande wa Balambala, na aliwahi kuwa na ngamia thelathini na mmoja. Ukame wa mwaka sitini na moja ulimwachia tisa. "Ngamia tisa hawatoshi hata kugombana," anasema. Vita vilipofunga njia za malisho ya mbali, aliwauza hao tisa akaja mjini kupika, kufua na kufagia kwa shilingi themanini kwa mwezi. Mshahara huo unamlisha mkewe, Muslimo, na watoto wanne, na unamweka shuleni binti yao mkubwa, Ardo.

"Ngamia mimi namjua tangu yuko tumboni mwa mama yake," anasema. "Lakini mnyama wa kulala ndani ya nyumba? Mimi mwenyewe nimeanza kulala ndani juzi tu."

Mbwa anaitwa Jasiri, jina ambalo bado hajalifanyia kazi. Anaogopa kuku. Hamwogopi Dekow hata kidogo, na mapenzi yake yote huyaonyesha kwa ulimi. Hapo ndipo shida ilipoanzia. Dekow ni mtu wa swala tano, na palipolambwa na mbwa huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Kwa kuwa alfajiri hawezi kutoka kuchota udongo, aliweka jikoni karai la udongo mkavu na safi, tayari kwa kazi hiyo.

Wiki ile ya kwanza alijiosha miguu mpaka ikapauka. Muslimo alipomletea maziwa mlangoni, alimkagua kuanzia juu hadi chini.

"Baba Ardo, hata siku ya harusi yetu hukuoga hivi."

"Siku ya harusi hakuna aliyenilamba."

"Basi usinisogelee," akasema Muslimo, akaweka maziwa chini na kurudi nyuma hatua tatu.

Zulia lenyewe Dekow alilikunja mapema na kulisimamisha ukutani. Jasiri akaliona ni mti. Likaoshwa nalo mara saba, moja kwa udongo, na kwa bahati likabaki na wekundu wake. Dekow akalitandaza tena, akaamua kwamba mbwa huyu atajifunza kwenda nje.

Kesho yake alfajiri akamtoa. Hawakufika hata kwenye ua. Mwanga wa tochi ukamwangukia usoni, na nyuma ya tochi kulikuwa na bunduki tatu.

"Simama! Unafanya nini nje?"

"Afande, mimi nangoja mbwa hii akojoe."

Koplo aliyeongoza doria alimsogelea taratibu. "Mzee, nimeshaambiwa habari ya ngamia aliyepotea. Nimeshaambiwa ya mke mwenye uchungu. Ya mbwa, bado."

"Wallahi, afande."

"Haya. Akojoe tuone."

Wanaume wanne wakasimama wakimtazama mtoto wa mbwa. Jasiri akawatazama pia. Akanusa buti moja, akalala chali. Dekow anasema hajawahi kumwombea kiumbe chochote kama alivyomwombea yule mbwa asubuhi ile.

"Labda anaona haya," akasema askari mmoja. "Zima tochi, afande."

Koplo akazima. Wakasikiliza. Kimya. Hatimaye akachoka, akaamuru mzee na mbwa wake warudi ndani na wasionekane tena. Jasiri akakivuka kizingiti, akazunguka mara mbili, akachuchumaa sakafuni mlango ukiwa bado wazi. Askari wakasikia vizuri kabisa.

"Kumbe haja alikuwa nayo," akasema koplo. "Lala salama, mzee."

Baada ya siku hiyo Dekow hakutoka tena alfajiri. Siku mbili baadaye alikwenda jikoni kabla ya swala akamkuta Jasiri ameketi juu ya karai, juu ya ule udongo safi, akikojoa kwa utulivu wa mtu aliyefika kwake.

"Niliinua ufagio nimpige," anasema. "Kisha nikauweka chini. Sakafu kavu. Zulia kavu. Mbwa amechagua udongo mwenyewe."

Udongo wa kujisafishia akauhamishia kwenye kopo lenye kifuniko. Karai akamwachia mbwa. Kisha akafanya kama anavyofanya mfugaji anayehama na ndama wachanga, asiyewasukuma mwendo wote kwa siku moja. Kila siku alilisogeza karai hatua chache: kutoka jikoni hadi ukumbini, kutoka ukumbini hadi mlangoni. Jasiri alilifuata bila kulalamika. Jumatatu karai likafika barazani, na hapo likazuka swali. Dekow akaamua kumwuliza mwenye sheria, kupitia upenyo wa mlango, doria ilipopita.

"Afande! Baraza ni ndani au ni nje?"

Askari wakasimama. Mmoja akasema ni ndani, kwa sababu kuna paa. Mwingine akasema ni nje, kwa sababu hakuna ukuta. Koplo akalitazama karai, akamtazama mbwa, akatoa hukumu.

"Wewe, mzee, ni raia. Kaa ndani. Mbwa hana kitambulisho. Kafyu haimhusu."

Ndiyo maana ya kamba. Jumatano karai likafika mchangani chini ya ngazi, na leo Dekow ameliondoa kabisa. Sasa, dakika mbili kabla ya saa kumi na mbili, kamba inalegea. Jasiri amezunguka mara mbili, amechuchumaa. Dekow anafumba macho na kumshukuru Mungu.

Ijumaa saa tisa Mama Wakesho aliingia na vumbi la safari, akavua viatu, akaketi sebuleni. Dekow alikuwa anakuja na sinia ya chai alipomwona Jasiri katikati ya zulia akizunguka. Mara moja. Mara mbili.

"Nikaanza kulitafuta kopo la udongo kwa macho," anasema.

Jasiri akasita. Akatoka kwenye zulia, akaenda mlangoni, akakwangua. Mlango ulikuwa umefungwa. Dekow, mikono yote miwili ikiwa na sinia, akaruka kuufungua kwa mguu. Mlango ukafunguka, mbwa akatoka, na birika zima la chai likamwagika juu ya zulia jekundu.

Mama Wakesho alilitazama zulia. Akachungulia nje, akamwona mbwa akimaliza shughuli zake mchangani kwa adabu. Akamtazama Dekow, aliyekuwa tayari anawaza mwezi ujao watoto watakula nini. Kisha akacheka mpaka akashika ubavu.

"Mbwa ameshajua," akasema. "Sasa tutakufundisha wewe."

Dekow bado yuko kazini. Vita vikiisha, anataka kununua ngamia watatu na kurudi Balambala. "Kule hakuna mlango," anasema. "Mnyama anafanya anapotaka, na mimi nalala."

Mama Wakesho ameahidi kwamba mumewe akipata uhamisho, Jasiri atabaki na Dekow. Muslimo amekubali, ila mbwa asivuke ua wa miiba wa boma lao.

"Nimemwambia mapema," anasema Dekow, akimtazama mbwa aliyelala kivulini. "Hadi Balambala ni zaidi ya maili sitini, na mimi simbebi."

Anamsogezea bakuli la maji.

"Akichoka, tutapumzika wote."