Kimea Nilichochagua Mwenyewe

Shangazi alitamka jikoni, sauti ikafika hadi kwa jirani: "Mwanamke aliyeachwa hachagui kimea cha pombe ya wazee."

"Sikuachwa," nikamwambia. "Nilitoka kwa miguu yangu. Na kimea nitachagua mwenyewe."

Hapo ni Makongeni, nyumbani kwa Baba, mstaafu wa reli. Goti lake lilikuwa limepasuliwa likapona, naye akawaita wazee wa ukoo waje wanywe busaa, pombe yetu ya kienyeji, kwa shukrani. Busaa ya nyumba hiyo ilikuwa ya Mama siku zote, na Mama alishatutoka. Nikasema nitapika mimi. Shangazi, dada yake Baba, akaapa wazee hawatagusa chungu changu. Nilijua maana yake: wakikikataa, ukoo mzima umeamua sina pangu pale.

Nilikasirika, lakini hasira haioteshi punje za wimbi. Nikaenda soko la Jericho. Busaa ni unga wa mahindi uliochachushwa na kukaangwa, sawa, ila utamu na nguvu vinatoka kwenye kimea, yaani nafaka ya wimbi, au ulezi, iliyooteshwa, ikaanikwa, ikasagwa. Ukikosea wimbi, umepika uji mchungu. Mtama nao upo, ni rahisi na unaota upesi, lakini Mama aliuita kimea cha wavivu. Nikaomba kiganja kimoja cha wimbi kwa kila muuzaji nikaoteshe kwanza kwenye kitambaa kibichi.

"Madam, unanunua ama unafanya utafiti?" mmoja akanicheka.

"Likiota utaniona. Lisipoota, kula mwenyewe."

La kwake halikuota hata punje moja. Nadhani lilishapitishwa motoni kwa ajili ya uji. La mama wa pembeni, jekundu lenye vumbi, likatoa mizizi upesi. Nikarudi nikachukua lote alilokuwa nalo, nikalilaza kwenye gunia bafuni. Watu wa nyumba wakawa wanaoga kwa kuliruka, na sikumwomba mtu radhi. Mizizi iliposhikana nikalianika kabla jani halijachipua, maana jani likirefuka utamu umeliwa. Shangazi naye akaleta kimea chake kutoka kijijini kwetu, magharibi. Nikatafuna punje. Wapi! Kilishaota majani, hakina ladha yoyote. Nikamrudishia mfuko wake kwa heshima zote, akalishe kuku.

Siku yenyewe wazee wakakizunguka chungu, mirija mirefu mikononi. Shangazi hakungoja hata amina ya sala ipoe. "Mjue aliyepika ni huyu aliyerudi kutoka kwa mume."

Mirija ikalazwa magotini.

Kwetu mpishi huonja kwanza, wageni wajue hakuna sumu, kisha hurudi jikoni. Nilivuta kigoda, nikatumbukiza mrija, nikaonja. Ilikuwa tamu, na ukali wake ulikuja nyuma polepole, vile inavyotakiwa. Basi sikurudi jikoni. Nikaendelea kunywa, macho yangu kwa Shangazi.

Baba akaja na mkongojo wake, akaketi kando yangu, akaomba mrija. Akavuta taratibu mpaka jasho likamtoka kwenye paji la uso.

"Dada yangu," akasema, "unasema amerudi. Amerudi wapi? Huyu yuko kwao."

Kisha akawageukia wazee. "Asiyetaka kunywa, mlango ule pale."

Mmoja akaushika mrija wake, wengine wakafuata. Hakuna aliyeinuka, na mimi pia sikuinuka.