Kiti cha Selo ya Kwanza

Nianze na kiti, maana watu wakinisikia nikiongea juu ya ile konseti ya ukumbi wa Flagey, huku Ubelgiji, wanafikiri natafuta sifa. Sifa nifanyie nini? Nilitaka kiti kimoja tu, cha mbele kabisa kwenye selo, zile fidla nene zinazopigwa katikati ya magoti, na nilitaka maman mmoja, mama wa kwetu, akikalie Jumapili moja mchana. Basi. Mpaka leo nikienda soko la mbele ya ukumbi huo kununua samaki, nikiliona lile jengo, damu inanipanda.

Mimi ndiye niliyekuwa naongoza okestra yetu. Msicheke. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na nne, sijawahi kukanyaga chuo cha muziki, na mchana nilikuwa napokea simu katika ofisi ya bima. Fidla nilijifundisha mwenyewe chumbani kwetu Evere, jirani wa chini anagonga dari kwa fagio, mimi namjibu kwa kisigino. Kuongoza nilijifundisha kwa kuangalia video, nimesimama mbele ya kioo na kijiti cha kulia chakula cha Kichina. Mzee aliyeanzisha okestra alipopata kiharusi, watu wakatazamana, halafu wakanitazama mimi. Tonton mmoja, yaani mjomba, mpiga tromboni na dereva wa basi, akasema, "Huyu iko na kelele kutushinda siye wote. Bamupatie." Ndio uchaguzi wenyewe.

Tulikuwa thelathini na kitu. Wengi wa Bukavu, Uvira na Lubumbashi, Watanzania wawili, na Mkenya mmoja, mke wa mtu wa ubalozi, aliyepiga filimbi na kutusahihisha Kiswahili bure. Kila Jumamosi walikuja na treni kutoka Liège, Charleroi, Leuven, tukakutana katika ukumbi wa parokia pale Evere. Ufunguo tulipewa na padri mzee wa Kibelgiji aliyeacha ujana wake wote Kivu.

Sasa, Wabelgiji wengi wakisikia okestra ya Waafrika wanaanza kutafuta ngoma kwa macho. Hakuna ngoma. Sisi tulipiga simfonia, na tuliipiga penye shughuli za watu. Mtu wetu akifa Charleroi, fidla zetu zilikuwa zinafika matangani kabla hata viti havijapangwa. Mtoto akipata komunyo, tupo. Nyumba ya wazee walikolazwa wamisionari wastaafu, tupo kila Pasaka, na wanalia kama watoto. Kuna mjane aliniambia kwamba siku ya mazishi ya mume wake hakukumbuka mahubiri wala nani alikuja. Alikumbuka selo tu.

Selo ile ilikuwa ya maman. Alikuwa na miaka hamsini na kitu, anafanya usafi kwenye maofisi ya mtaa wa Umoja wa Ulaya. Alikuwa anashuka kituo cha metro cha Schuman kabla ya jua, na wakubwa wakianza kuingia na kahawa zao yeye anatoka. Selo alifundishwa kanisani kwao Bukavu. Noti za mistari mitano hakujua kusoma hata moja. Lakini simfonia nzima tuliyokuwa tunaipiga ilikuwa kichwani mwake, si sehemu yake peke yake, sehemu za watu wote.

Namna yetu ya kujifunza ilikuwa hivi: hakuna kugusa chombo kabla ya kuimba. Mimi nilikuwa naitoa sauti kwenye karatasi, namwimbia maman kwa do-re-mi, anaishika mara moja. Halafu anazunguka kundi kwa kundi, anawaimbia, wanamwimbia, mpaka kila mtu anaweza kuimba sehemu yake huku anamenya viazi. Hapo ndipo tunafungua masanduku. Na kila kipande tulikipa jina. Kulikuwa na "Kupanda ngazi", kulikuwa na "Mama mkwe anaingia", kulikuwa na "Mvua ya Kadutu", mtaa wa kule Bukavu. Maman akisema turudie Mama mkwe, watu thelathini wanarudi pamoja, hakuna anayepotea.

Bon. Siku moja akaja kwetu mtu wa okestra kubwa, ya wataalamu wanaolipwa. Ndiye aliyekuwa anapanga ratiba yao. Tulimwita Bwana Skafu kwa sababu hata ndani ya ukumbi wenye joto hakuivua. Akakaa mazoezi yote, na mwisho alifuta macho, nilimwona. Akasema tupige pamoja Flagey, sehemu ya polepole ya simfonia ileile, mtu wake na mtu wetu, kiti kwa kiti. Na selo ya kwanza, akasema mbele ya wote, itakuwa ya Madame.

Jumatatu yake maman alikwenda kushonesha gauni jeusi.

Bwana Skafu alipofika mlangoni akaniuliza, kama mtu anayeuliza saa, "Wote wanasoma noti, bien sûr?"

Nikasema, "Bien sûr." Bila shaka.

Hapo ndipo nilipoharibu, na sitamsukumia mtu mwingine. Ningesema hapana, tunajifunza kwa mdomo, njoo uone. Lakini sura yake ilikuwa inasema kwamba asiyesoma si mwanamuziki, na mimi nikaona haya kwa niaba ya watu ambao hawakuwa na haya. Nikatafuta stendi za kuwekea karatasi, nikatoa fotokopi, nikawafundisha kugeuza ukurasa wote pamoja.

"Na mi nitaangaliaka nini pale?" maman akauliza.

"Angalia karatasi, maman."

"Sijuwe ile."

"Angalia tu kama vile unasoma."

"Ni kama menu ya restaurant ya bazungu," tonton akasema. "Unaangalia, unafanya hmm, halafu unaitisha viazi vya frites."

Tukacheka wote, hata maman.

Mazoezi ya kwanza ya pamoja, kiongozi alikuwa mgeni waliyemleta wao, mtu mpole tu, na mimi nikakaa kwenye fidla. Tulipiga mwanzo mpaka katikati, na nawaambia ukuta wenyewe ulikuwa unasikiliza. Halafu akasimamisha. Akasema, "Mesure septante-huit, tafadhali."

Mesure ni vile vyumba vidogo vidogo ambavyo wanaosoma wanavihesabu kwenye karatasi, na yeye alitaka cha sabini na nane. Sisi hatukuwa na vyumba, tulikuwa na Kupanda ngazi. Akashusha mkono. Watu wake wakaanza septante-huit. Nusu ya watu wetu wakaanza mwanzo kabisa, nusu wakanyamaza. Akasimamisha tena, akarudia namba ileile polepole, kana kwamba tatizo ni Kifaransa, lugha tuliyopigiwa fimbo shuleni.

Maman akanigeukia kutoka kiti chake cha mbele. "Chef, septante-huit njo wapi? Ni Kupanda ngazi, ao ni Mama mukwe?"

"Kupanda ngazi."

Akaingia, peke yake, palepale panapotakiwa, na wetu wote wakamfuata. Ingeishia hapo. Lakini kijana wa selo aliyekaa naye, mtu wao, akainamia stendi, akaona kwamba karatasi iliyokuwa mbele ya maman si ya selo. Ilikuwa ya alto, zile fidla za begani zilizozidi kidogo ukubwa. Mimi ndiye niliyeichanganya siku ya fotokopi. Kijana akacheka kidogo, akamwonyesha jirani, jirani akamwonyesha wa nyuma, kicheko kikatembea safu hadi safu kama kikapu cha sadaka. Maman akaelewa. Akaweka upinde magotini na hakuushika tena siku ile.

Kwenye korido Bwana Skafu akaniambia, "Ulinidanganya."

"Ndiyo. Na yeye alikosea wapi? Niambie sauti moja aliyokosea."

"Si suala la kukosea. Ni suala la namna ya kufanya kazi."

"Kazi? Huyo mama anajua simfonia nzima bila karatasi. Wa kwenu ukiwanyang'anya karatasi watajua hata njia ya choo?"

Niliendelea. Mengine siyaandiki, padri wetu bado yuko hai. Mwisho Bwana Skafu akainua mikono akasema sawa: katika wiki moja, kama Madame ataweza kuanza popote akiitiwa namba, kiti ni chake. Alilisema mbele ya tonton, kwa hiyo si maneno yangu peke yangu.

Wiki ile maman alikuja kwetu kila siku akitoka kazini. Mimi niliomba likizo. Tukachukua karatasi, ya selo safari hii, nikahesabu vyumba kimoja kimoja, na kila namba tukaifunga kwenye jina letu. Alikuwa anazirudia ndani ya basi mpaka watu wanahama viti.

"Nonante-quatre," namwambia, yaani tisini na nne.

"Mama mukwe anaingia, lakini bado anavua viatu."

"Cent douze." Mia na kumi na mbili.

"Mvua ya Kadutu, tone ya pili. Tone ya kwanza ni cent onze. Usinitege."

Siku ya nne nilikuwa namrushia namba huku na huku bila mpango na hakukosa hata moja. Nawaambia, kuna watu wana diploma na hawajawahi kufanya kazi kama ile.

Tukafika mazoezi ya pili. Maman na selo yake mgongoni, nywele zimesukwa. Kwenye kiti chake amekaa msichana wa chuo, anapaka upinde wake nta.

Bwana Skafu akaja mbio. "Tulifikiri wiki moja ni fupi mno. Hatukutaka kumtia Madame wasiwasi. Tumemwekea nafasi nzuri sana, safu ya tatu, mgeni wa heshima."

"Mjaribu," nikasema. "Mwitie namba. Yoyote."

"Programu imekwisha kuchapishwa."

Kwa hiyo ilichapishwa siku ngapi kabla? Fikirini wenyewe. Wakati yeye anahesabu matone ya mvua ndani ya basi, jina la mwingine liko kwa mpiga chapa.

Nikageuka nikawaambia watu wetu wafunge masanduku. Walifunga. Hakuna aliyeuliza swali, na kwa hilo nitawapenda mpaka nife. Tonton tayari alikuwa ameshaichomoa tromboni vipande viwili.

"Mukaye," maman akasema.

Nikamwambia, "Maman, nafanya hivi kwa ajili yako."

"Ju yangu? Na ile karatasi ya alto, ile pia ilikuwaka ju yangu?"

Nikaliweka chini sanduku langu la fidla.

"Hawa batu banatoka Liège na train," akaendelea, bila kupaza sauti. "Tonton aliomba ruhusa ku kazi. Batoto babo batakuya kubaangalia. Bon. Weye mutoto, hasira yako uiweke mu fidla, bapige."

Akaenda safu ya tatu, akakaa, selo akaiweka kwenye kiti cha pembeni kama mtu aliyemleta mwenzake.

Basi Jumapili tulipiga. Ukumbi ulijaa. Wetu walikuja na vitenge na watoto, na wazee wamisionari waliletwa na basi dogo. Tulipiga vizuri, nasema ukweli hata kama unaniuma. Msichana wa chuo alipiga vizuri. Na nikiwa pale kwenye fidla nilimwona maman na gauni lake jeusi, gauni la kupigia, lenye mikono mipana ya kuuacha upinde utembee, amekaa nalo kati ya wageni waliovaa makoti. Baada ya makofi bibi mmoja mwenye lulu shingoni akamwinamia akamuuliza kama aliupenda muziki wao. Wao.

"Sana, Madame," maman akajibu. Nje kwenye uwanja akaniambia, "Yule mutoto wa selo iko na mukono muzuri. Alichelewa mara mbili."

Miezi ikapita, ikaja barua ya Bwana Skafu: msimu mpya, tupige tena pamoja, watu kumi na tano, "wale wanaosoma". Sikumwonyesha mtu. Nilijibu siku ileile, ukurasa mzima, na nilihakikisha kila mstari unachoma. Niliandika kwamba bila maman yule hawatatuona, na kwamba wanaojaribiwa safari hii ni wao. Nikaipeleka posta natembea kama askari aliyeshinda.

Jumamosi nikawasomea nakala ukumbini, nikingoja makofi. Tonton alipiga. Wengine wakamtazama maman.

"Uliniulizaka?" akasema.

"Maman, walikudharau."

"Minajua. Nilikuwa pale. Nakuuliza: uliniulizaka mbele ya kuandika?"

"Hapana."

"Bo balinitoa ku kiti bila kuniuliza. Na weye unanitoa ku kiti bila kuniuliza. Sasa tofauti ni rangi tu?"

Tonton akaangalia viatu vyake. Mimi nilitaka kusema kwamba mimi ni wa upande wake, kwamba ningeweza kupigana na jengo zima kwa ajili yake. Lakini alishanyosha mkono.

"Nipatie numéro ya ule bwana."

Akaenda na simu yangu mpaka chumba kidogo anapovalia padri, akafunga mlango. Nikasimama nje, sikio kwenye mbao, sina aibu. Kwanza nikamsikia akijitambulisha kwa Kifaransa chake cha Bukavu, safi, polepole. Halafu akaanza kuimba, do-re-mi, sehemu ya selo toka mwanzo, na kila baada ya muda anasimama, anangoja, anaanza mahali pengine kabisa. Nikaelewa kwamba kule upande wa pili mtu alikuwa anamwitia namba.

Ilichukua muda mrefu. Ukumbini hakuna aliyefungua sanduku.

Alipotoka alinirudishia simu, imepata moto. "Atakuya Jumamosi," akasema. "Na karatasi yake. Nimemwambia mi nitakuwa na mdomo yangu tu, na weye hautakuwa na yako."

Na Jumamosi hiyo, kwa saa mbili na nusu mbele ya Bwana Skafu, sikuufungua mdomo.