Nyama Ambayo Sikuila Burma

Mama alipomfuata baba kaburini nilikuwa kidato cha pili. Niliifua sare yangu, nikamwekea mdogo wangu wa kike, kisha nikaenda kusimama kwenye lango la kiwanda cha nguo, Industrial Area. Tangu hapo mimi ndiye mama na baba wa wadogo wangu watatu, katika chumba kimoja mtaa wa Pipeline, ambako jua tunalikuta juu ya paa tu, tukienda kuanika nguo.

Kiwandani nilishona mikono ya mashati. Mwanamke aliyekaa mbele yangu alishona kola, na kila shati lilitoka kwake likaja kwangu, hadi nikawa najua siku aliyolala njaa kwa jinsi mshono wake ulivyopinda. Mumewe, fundi wa ujenzi, alikuwa amekaa nyumbani tangu mjengo wao ulipokwama. Hilo aliniambia mimi peke yangu, chooni, bomba likimwaga maji ili tusisikike.

Unga ulipopanda, kodi ikapanda, oda za mashati nazo zikaisha, ofisi ilisema nusu yetu tuende nyumbani. Nani aende, hilo lilikuwa la kuzungumzwa na chama chetu cha wafanyakazi. Wanachama wengi tulikuwa wanawake. Viongozi walikuwa wanaume: wakataji wa vitambaa na mafundi wa mashine, watu wenye kazi ya kudumu. Vikao vyao walivifanya kwenye soko la Burma, jioni ya mshahara, kwenye ubao wa nyama choma. Ada tulilipa sawa, ila saa hiyo sisi tulikuwa tunakimbilia kuwasha jiko. Maamuzi yalitufikia Jumatatu yakiwa yameshaiva.

Safari hiyo mwenyekiti, fundi wa mashine mwenye vidole vyeusi kwa grisi, alinijia kwenye laini ya mashine zetu. "Dada, jioni pitia Burma. Kuna neno lako."

Nilienda. Nilimkuta na wakataji wawili.

"Siz, karibu," mmoja akasema. "Usiogope, hapa hatuumi, tunatafuna tu."

Mwenyekiti hakucheka. "Tumeelewana na ofisi. Kichwa cha nyumba anabaki. Mwanamke mwenye bwana anaenda, bwana atamlisha. Lakini wewe tunakujua, unalea yatima. Wewe ni mwanaume." Wenzake wakagonga meza kwa kicheko. "Kesho kwenye mkutano wenzako watapiga kelele. Wewe usimame, uwaambie hii ni haki. Wewe wanakusikiliza."

Akakata ubavu, akausogeza mbele yangu.

Kila mtu kiwandani alijua maana ya ubao ule. Ukishaila nyama ya kikao, umekubali. Aliyewahi kujaribu kugeuka aliulizwa mbele ya watu, "Na ile nyama uliitapika?"

Nilikuwa sijaonja nyama tangu Idi. Mafuta yalikuwa yanatiririka kwenye chumvi. Nilimfikiria mdogo wangu aliyekuwa kidato cha nne, ambaye angerudishwa nyumbani karo ikikosekana. Nikikataa, mashine yangu ingekuwa ya kwanza kufunikwa.

"Siili, mwenyekiti."

"Siz, usilete ngori, shida tunazo tele," mkataji akasema. "Hujui njaa inavyokuja."

"Naijua. Tunalala nayo chumba kimoja."

Nikainuka. Hakuna aliyenisindikiza.

Asubuhi, kantini ilijaa. Mwenyekiti alitangaza makubaliano, kisha akanitazama. Nikasimama.

"Jana niliambiwa nitabaki kwa sababu nalea," nikasema. "Nani hapa halei? Aliyelipa kodi ya mwezi uliopita kwa mkono wake mwenyewe, asimame."

Hakusimama mtu. Hapo ndipo nilipoona uzito wa nilichowaomba. Kila mmoja alitakiwa amvue mumewe nguo mbele ya kadamnasi, na wengi wa waume hao walikuwa marafiki wa viongozi wetu. Mwanamke wa kola aliangalia mikono yake. Nyumba yake na ya mwenyekiti zilikuwa ploti moja, ua mmoja.

"Mmeona?" mwenyekiti akasema. "Wana waume zao."

Mwanamke wa kola akanyanyuka polepole, akijifunga leso kiunoni. "Mwenyekiti, wewe ndiye unayemgawia bwana yangu sigara. Unajua ni nani anayemlisha."

Watu waliangua kicheko, ila yeye hakucheka. Kisha mabenchi yakaanza kukwaruza sakafu, mmoja huku, watatu kule, mpaka waliokaa wakawa wachache.

Nikasema tusitoe mtu. Tugawane siku, wote, wakataji na mafundi wakiwemo.

"Nusu wiki nitakula nini?" mkataji mmoja akafoka.

"Kile tunachokula sisi!" mwanamke akamjibu kutoka nyuma.

Tulipiga kura kwa mikono, tukawashinda. Ofisi ilikubali. Kwangu ilimaanisha nusu ya mshahara ambao ningebaki nao wote. Siku zisizo za kiwanda nafua nguo za watu Komarock, na yule wa kidato cha nne tunamlipia karo kwa vipande vipande.

Mwanamke wa kola alirudi zamu iliyofuata, mshono umepinda. Mumewe alikuwa ameondoka. Alisema hawezi kulala kwenye mtaa unaomcheka. Nilipokea mashati yake, yale yaliyopinda nikayafumua kimya kimya na kuyashona upya kabla supavaiza hajayaona.

Mwenyekiti alipita na kopo lake la mafuta, akainama karibu na sikio langu. "Dada, ungekula tu. Leo ungekuwa na wiki nzima."

Mwanamke wa kola alikuwa amesimamisha mashine yake, anasikiliza.

"Mashine yangu inaruka mishono, mwenyekiti," nikamwambia. "Na ya huyu pia. Anza na yake."

Akapiga goti kando ya mashine ya mwanamke wa kola, akatoa bisibisi.