Tangazo la Jumatano

Mimi ni mtu wa kuogopa mambo kabla hayajatokea. Nikisikia simu inaita mapema asubuhi, moyo unaanza kunienda mbio kabla sijaona ni nani. Hata hivyo hili lililonipata sikuliogopa hata kidogo, na nadhani ndilo linaloniuma zaidi. Miaka yote nilihofia mvua ya mawe, nikahofia wezi wa miche na ugonjwa wa mnyauko, kumbe la kuhofia lilikuwa mkononi mwangu na nililichaji mwenyewe kila siku.

Ninauza miche ya migomba. Kitalu changu kiko nyuma ya nyumba yangu Kitendaguro, pembeni kidogo ya mji wa Bukoba, na miche nilikuwa naisambaza mpaka vijiji vya mbali vya Muleba. Mwanzoni wateja walikuja kwa kuambiana. Kisha tukaitwa kwenye semina ya wajasiriamali, na dada mmoja aliyependeza sana akatuambia kwamba biashara isiyo na ukurasa mtandaoni ni sawa na duka lililofungwa. Nilirudi nyumbani na hofu mpya. Wiki hiyohiyo nikafungua ukurasa.

Sitasema uongo, ukurasa ulileta watu. Lakini ulinigeuza mtumwa. Nikichelewa kujibu ujumbe kwa saa moja, mtu ananiandikia kwamba mimi ni tapeli. Nikikaa siku mbili bila kuposti, maoni yanapungua na mimi nakosa raha, naanza kujiuliza kama kuna mwenzangu kanichukulia wateja. Nilikuwa nasonga ugali huku natazama simu. Ndipo nikajifunza kupanga matangazo mapema: unaandaa ya wiki nzima, unaiambia simu siku na saa, nayo inatoa tangazo yenyewe hata kama umelala. Kwangu ilikuwa nafuu kubwa, kwa sababu nikipeleka miche Kimwani, kule Muleba, kuna sehemu nyingi mtandao hakuna kabisa.

Jumamosi moja nilikwenda Rubafu kwa mama kupiga video. Mae, ndivyo ninavyomwita kwa Kihaya chetu, alikuwa ametoka na akina mama wenzake kusafisha kanisa kwa ajili ya Jumapili. Sikumsubiri. Niliegesha simu kwenye tawi la mti wa kahawa, nikavaa kitenge kizuri, nikachukua jembe lake na kuchimba shimo la mgomba mwisho wa kibanja, shamba letu la migomba nyuma ya nyumba, kona ambayo Mae hafiki kila siku, huku nikieleza vipimo na mbolea. Mwishoni nikajifuta jasho, nikacheka mbele ya simu na kusema: "Leo tupo shambani Rubafu, kazi inaendelea, karibuni sana." Shimo nililiacha wazi nikikusudia kuleta mche wiki inayofuata. Nilirudi mjini kabla Mae hajarudi nyumbani.

Video hiyo niliipanga itoke Jumatano saa moja asubuhi. Nikailipia pia isambazwe, na nikachagua mwenyewe maeneo ya kuonekana: Bukoba Vijijini na Muleba.

Jumanne usiku mzee jirani yake Mae akafariki. Alikuwa jirani wa mpaka kwa mpaka, migomba yake na yetu imetenganishwa na mstari wa mimea tu, na ndiye aliyemsaidia Mae kuezua na kuezeka baada ya baba kufa. Mimi sikujua. Mae alikimbilia kule usiku uleule na kasimu kake kadogo kakiwa kameisha chaji. Alfajiri ya Jumatano nilikuwa tayari njiani kwenda Kimwani ndani ya kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, miche imejaa nyuma, mimi na dereva tunaongelea bei ya mafuta.

Kwetu msiba ukiingia kijijini, jembe halishikwi. Si jirani peke yake, ni kijiji chote, mpaka marehemu azikwe na zile siku za kukaa matanga ziishe. Mtu anayelima wakati maiti iko ndani ni kama amemwambia marehemu kwamba kufa kwake hakumhusu. Nimekulia katika jambo hilo. Nikiwa mtoto nilichapwa kwa kung'oa viazi viwili siku ya msiba.

Mae alinipata mchana, kwa simu ya kuazima, nikiwa nashusha miche. Nililia palepale, maana yule mzee alinibeba mgongoni nilipokuwa mdogo. Nikamwomba dereva tugeuze. Ni mwendo mrefu kutoka Kimwani mpaka Rubafu, na njia nzima nilimwaza Mae, pamoja na presha yake. Ya tangazo sikuyakumbuka hata mara moja.

Tulifika jua likianza kushuka. Niliingia, nikalia kama inavyostahili, nikakaa kwenye nyasi zilizotandazwa ndani pamoja na wanawake. Mwanamke niliyeketi karibu naye akanyanyuka na kuhamia upande wa pili. Nilidhani anamfuata mtu. Kisha wa mbele yangu naye akavuta kanga yake, kama vile nimemwaga uji. Nilimsalimu mama mmoja ninayemheshimu sana, naye akaitikia huku akitazama mlangoni.

Rafiki yangu niliyesoma naye shule ya msingi ndiye aliyenitoa nje, mpaka nyuma ya jiko la msiba, na kunipa simu yake.

"Bojo, tafadhali, niambie hii si ya leo," alisema.

Nilijiona nikicheka na jembe mkononi. Nyuma yangu paa la nyumba ya marehemu lilikuwa linaonekana vizuri kabisa. "Leo tupo shambani Rubafu." Ilikuwa imetoka asubuhi, saa moja kamili, wakati watu wanamwosha mzee. Vijana waliokuwa wakipasua kuni ndio walioiona kwanza, kwa sababu nililipa waione. Wakaiweka kwenye grupu la kijiji. Chini yake mtu alikuwa ameandika: "Huyu pesa imempofusha." Mwingine: "Mama yake yuko ndani analia, yeye analima." Na mwingine, ambaye nilimuuzia miche kwa mkopo, aliandika tu, "Tutaonana kwenu."

Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyonitisha zaidi. Kijijini tuna kikundi cha kuzikana, kama vijiji vingine. Kikundi kikiitenga nyumba, siku nyumba hiyo ikifiwa hakuna anayekuja. Nilishaona kwa macho yangu nyumba moja iliyotengwa: kaburi lilichimbwa na watoto wa marehemu wanne waliotoka mjini, mikono imetoka malengelenge, na majirani wamekaa kwao milango imefungwa. Mae ana miaka mingi na moyo wake si mzima. Anaishi peke yake. Mimi nitaendelea kula mjini, lakini yeye ndiye atakayeugua bila mtu wa kumchotea maji, na siku yake ikifika nitamzika na nani?

Nilifanya jambo la kijinga. Nilishika simu yangu na kufuta. Nilifuta tangazo kwenye ukurasa, nikafuta video kwenye simu, nikaingia hata kule simu inakoweka vilivyofutwa na kumaliza kila kitu, kana kwamba nikiifuta kwangu itafutika na kwenye vichwa vyao. Nilikuwa na hofu tu, sikuwa na akili. Grupu la kijiji liliendelea kuizungusha bila mimi.

Mzee alizikwa Alhamisi. Nilisimama nyuma ya watu wote. Ijumaa Mae aliitwa, nami nikaitwa naye, kwenye kikao cha kikundi uwanjani kwa mwenyekiti. Walikuwa kama watu ishirini, wamekaa kwenye mabenchi na magogo. Mae alikaa pembeni yangu na rozari mkononi. Tangu nifike msibani hatukuwa tumepata nafasi ya kuongea peke yetu, kwa kuwa alikuwa analala kulekule kwa mjane. Alirudi nyumbani asubuhi hiyo tu kubadili nguo.

Niliwaeleza. Niliapa kwamba niliipiga Jumamosi, kwamba simu ilijituma yenyewe, kwamba Jumatano asubuhi nilikuwa njiani kwenda Kimwani. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia kama mwongo. Maneno yenyewe yalikuwa hayana miguu.

"Ilijituma yenyewe," mwenyekiti alirudia taratibu. "Na jembe? Nalo lilijishika lenyewe?"

Watu walicheka kidogo, kicheko kisicho na raha.

"Nilikuwa na dereva, waitu, wazee wangu, mnaweza kumpigia."

"Dereva unayemlipa wewe."

Mzee mmoja akasema wametuma vijana wawili kuangalia kibanja na wamekuta shimo, udongo wake mbichi. Mvua ilikuwa imenyesha, nilitaka kusema, udongo wowote ungeonekana mbichi. Akasema gari linaweza kuja alfajiri watu wote wakiwa msibani, mtu akalima, akajipiga picha na kuondoka. Nilitazama nyuso zao nikaona wanaamini. Hata mimi, kama ningekuwa nimekaa kule, ningeamini.

Katibu wa kikundi, mwalimu mstaafu, ndiye pekee aliyeniuliza kwa upole. "Simu huweka tarehe. Tuonyeshe ile video yenyewe kwenye simu yako, tusome tarehe, tumalize."

Nilikaa na simu mkononi. "Niliifuta," nikasema.

Hakuna aliyecheka safari hii. Mtu wa nyuma akaguna. Katibu akavua miwani na kuinamisha kichwa, na nikajua hana tena la kunisaidia. Mwenyekiti akaanza kuongea kwa ile sauti ya kufunga kikao, akasema kikundi kina taratibu zake, kwamba hawana ugomvi na mama, lakini nyumba ni moja na kosa limetoka kwenye nyumba.

Ndipo Mae akasimama. Alishika goti kwanza, akajivuta, akanyooka. Mae hasemi vikaoni. Nilizaliwa na kukua bila kumwona akisimama mbele ya wanaume kuongea.

"Jumatano asubuhi nilirudi nyumbani," alisema. "Nilirudi kufungulia mbuzi. Nilizunguka mpaka nyuma kwenye kibanja. Hapakuwa na mtu, na lile shimo lilikuwepo tangu Jumamosi, nililiona nilipotoka kusafisha kanisa nikamgombeza mtoto kwenye simu kwa kuliacha wazi. Mimi nasema mbele yenu na mbele ya Mungu."

Akakaa.

Kila mtu pale anajua Mae hasemi uongo. Ndiye anayekabidhiwa funguo za sanduku la sadaka kanisani. Mwenyekiti akawatazama wenzake, na nikaona mabega yao yanalegea mmojammoja. Wakaamua nitoe dumu la rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwa kikundi na kwenda kuomba radhi kwa mjane, basi. Katibu akaandika. Watu wakainuka, wengine wakanipa mkono. Yule aliyeniandikia tutaonana kwenu aliniuliza kama miche ya mwezi ujao bado ipo.

Nilipaswa kufurahi, lakini sikufurahi. Mae hakunigombeza kwenye simu Jumamosi wala siku nyingine. Na ni yeye mwenyewe aliyeniambia, mchana ule kwenye simu ya kuazima, kwamba tangu usiku wa Jumanne hajatoka kwa mjane hata kwenda kufungulia mbuzi, nimtafutie mtu wa kuwafungulia.

Tulitembea kurudi nyumbani, yeye mbele, mimi nyuma na mkoba wake. Nilikuwa natafuta namna ya kumshukuru na sikuipata. Tulipopita kwenye migomba yetu ya kwanza, pale njia inapokuwa nyembamba, akasimama na kugeuka. Alitazama nyuma yangu kwanza kuona kama kuna mtu anayetufuata.

"Shimo nimeliona leo asubuhi, mara ya kwanza," alisema. "Sasa niambie mimi, mwana wange. Ulilima?"

Alikuwa ameuliza kwa sauti ya mtu asiyejua jibu. Alikuwa amesimama mbele ya kijiji na kumtaja Mungu, na hakuwa anajua.

"Sikulima, Mae. Ilikuwa Jumamosi. Nakuapia."

Alinitazama usoni kwa muda mrefu, kama anavyotazama noti ya pesa iliyochakaa.

"Kesho padri anaungamisha," akasema. "Nilitaka kujua kama napeleka dhambi yangu peke yake, au na ya kwako."

Kisha akachukua mkoba wake mkononi mwangu, akatangulia kuingia ndani, na mpaka leo hajaniambia alipeleka zipi.